Saa Zinazojenga Nyumba

Kambi Moto ni kijiji kidogo ndani ya Huruma, Nairobi, na jina lake lilitokana na mioto iliyokuwa ikiteketeza mabanda yake ya mabati na mbao. Mwaka 2003 wakazi walianza kujenga palepale nyumba za kudumu, 34 kwa awamu ya kwanza, juu ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji na kwa makubaliano ya maandishi na halmashauri hiyo. Kila familia ilipata eneo la meta mraba 20 hivi. Hapakuwa na pa kutanuka, basi nyumba zikapanda: chumba chini, ngazi, chumba juu yake, na kingine juu zaidi kadiri mfuko ulivyoruhusu. Fedha zilitoka kwenye akiba za wanachama na mikopo iliyopitia shirika la Pamoja Trust. Fundi alilipwa. Lakini kusomba mawe, kuchota maji, kukoroga zege na kufyatua vibamba vya sakafu, mbinu ambayo wanachama walijifunza kwa wenzao wa India, ilikuwa kazi ya wenye nyumba wenyewe, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya akina mama.

Nimeanza na Kambi Moto kwa sababu hesabu yake ya kujitolea haianzi na mchanga. Kabla ya msingi wowote kuchimbwa, wakazi waliounganishwa na Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu lililozaliwa mwaka 1996 kupinga ubomoaji, walizunguka nyumba kwa nyumba wakijihesabu. Nani anaishi hapa? Ana watoto wangapi? Kibanda ni chake au amepanga? Majina yalisomwa hadharani ili anayepinga apinge mbele ya majirani, maana jirani ndiye anayejua nani alilala wapi jana na nani amejitokeza leo baada ya kusikia harufu ya nyumba. Yakafuata mazungumzo magumu kati ya wenye vibanda na wapangaji, hadi wakafika kwenye kanuni ya familia moja, nyumba moja. Mtu aliyezoea kukusanya kodi ya vyumba kadhaa akakubali kuwa jirani wa waliokuwa wakimlipa. Halafu walisimamisha mfano wa nyumba wa vitambaa, kwa vipimo halisi, ili kila mtu aingie, anyooshe mikono na kuona kitanda kitakaa wapi. Yote hayo yalifanywa jioni na mwisho wa juma, na watu ambao hakuna aliyewaandikia hundi.

Vitabu vya miradi huandika gharama ya saruji, nondo na mabati hadi senti ya mwisho. Saa za watu hawa huandikwa kwa maneno mawili, “mchango wa jamii”, kisha ukurasa unafunuliwa. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mama anayeuza mboga akifunga kibanda Jumamosi ili akakoroge zege, hasara yake ni faida ya siku ile, mboga zitakazonyauka, na mteja atakayehamia kwa jirani. Kibarua wa viwandani anayelipwa kwa siku akikosa siku moja huenda akakuta nafasi yake imechukuliwa. Mfanyakazi wa benki akijitolea siku moja kwa mwezi, mshahara wake haupungui hata shilingi. Maskini anajitolea kutoka kwenye chakula cha jioni. Kwa hiyo, katika makazi ya gharama nafuu, saa ya mkazi ni mtaji sawasawa na mfuko wa saruji, na inastahili ulinzi uleule: iandikwe inapoingia, ijulikane imetumikaje, na mwenye saa aonyeshwe alichonunua kwayo.

Waliolielewa jambo hili mapema kuliko wengi ni watu wa Uruguay. Vyama vitatu vya majaribio vilianza mwaka 1966, katika sehemu za ndani za nchi, mbali na mji mkuu. Desemba 1968 bunge likapitisha sheria ya makazi, namba 13,728, iliyovipa vyama vya ushirika wa nyumba haki ya kupata mkopo wa serikali na ikatambua kazi ya wanachama kuwa sehemu ya malipo yao. Mwaka 1970 vyama hivyo vikaunda shirikisho lao, FUCVAM. Kanuni iliyozoeleka humo ni saa 21 za kazi kwa kila familia kila wiki, muda wote wa ujenzi.

Tufanye hesabu. Familia 34, kama zile za awamu ya kwanza ya Kambi Moto, zikitoa saa 21 kila moja, zinapata saa 714 kwa wiki. Hiyo ni nguvu ya vibarua wapatao 16 wanaofanya kazi saa 45 kila mmoja. Ujenzi wenye nguvu kama hiyo unahitaji msimamizi anayejua Jumanne kunahitajika watu wangapi, mchanga utafika lini, na ni kazi ipi isiyoweza kuanza kabla ya nyingine kwisha. Watu 30 wakifika Jumamosi asubuhi wakakuta lori la kokoto halijaja, saa zao zimemwagwa, na wiki ijayo watakuja 20. Nikiulizwa ni kitu gani kinachoua ari ya kujitolea kuliko vyote, nitajibu kwamba ni kuitwa na kukuta hakuna kazi. Uvivu wa watu unatajwa sana, lakini mara nyingi ni jina tunalowapa waliochoka kusubiri.

Kwa Waruguay kuna kamati ya ujenzi inayopanga zamu, kuna daftari la saa, na kuna kamati ya ukaguzi inayochaguliwa na mkutano mkuu ili kuwachunguza hata viongozi. Sheria pia inavitaka vyama viwe na taasisi ya kitaalamu pembeni, yenye wasanifu, wanasheria na wataalamu wa jamii, ambao hulipwa. Tena, katika vyama vingi nyumba hugawanywa kwa kura baada ya kazi kwisha. Kwa muda wote wa ujenzi hakuna anayejua ni ipi itakayokuwa yake, hivyo hakuna anayeupiga lipu ukuta wake vizuri na kuuharakisha wa mwenzake. Ningependa kila kikundi cha ujenzi wa pamoja Afrika Mashariki kiijadili kanuni hiyo kabla ya kuchora kiwanja. Wengine wataikataa, hasa pale familia zinapojenga juu ya mahali pao pa zamani, na watakuwa na sababu. Lakini waijadili.

Ukubwa pia una mpaka. Sheria ile ya 1968 ilitaka chama kiwe na wanachama kati ya 10 na 200. Zaidi ya hapo watu hawajuani tena, na asiyejulikana halazimiki kuona haya akikosa zamu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba daftari la saa ni daftari la nguvu za misuli. Bibi wa miaka 70 hawezi kubeba karai la zege ghorofa ya pili. Mwenye mimba hapaswi. Kijana anayeishi na ugonjwa wa seli mundu anaweza kuwa mzima leo na kulazwa kesho. Kikundi kinachohesabu kubeba tu kitawatoza faini hawa, kisha kitawapoteza, na huenda ndio waliokuwa na shida kubwa ya nyumba kuliko wote. Saa ya kuwaangalia watoto ili mama zao wafanye kazi ihesabiwe. Saa ya kupika, ya kulinda saruji usiku, ya kupanga foleni ofisi ya ardhi kufuatilia barua, ya kuandika mahudhurio: zote ni saa. Kinachotakiwa ni mkutano mkuu kukubaliana mapema, kwa kura, uzito wa kila kazi, badala ya mwenyekiti kuwapimia watu kwa macho yake. Na familia iliyofiwa ipewe likizo bila kubembeleza.

Faini nazo zina mahali pake. Asiyefika bila taarifa alipe kiasi cha ujira wa kibarua wa siku hiyo, ili mtu aajiriwe kujaza pengo. Ikizidi hapo inakuwa adhabu ya umaskini. Wako pia wanaomtuma mtu wa kulipwa afanye zamu yao. Naliona jambo hilo halali kwa zamu moja moja, kwa sababu kazi inafanyika na mtu mwingine anapata riziki. Ila mwanachama asiyewahi kuonekana hata mara moja atahamia siku ya mwisho akiwa mgeni kati ya watu waliokwishazoeana, na ugeni huo utajitokeza mbele, siku ya kugawana bili ya maji.

Sasa tuje Dar es Salaam. Kata ya Kurasini iko ubavuni mwa bandari, na upanuzi wa bandari uliwaondoa wakazi wengi. Fidia ilienda kwa wenye nyumba. Wapangaji, waliokuwa wengi, hawakupata kitu. Shirikisho la vikundi vya akiba vya wakazi maskini wa mijini, likisaidiwa na Centre for Community Initiatives, lilinunua ekari 30 Chamazi, pembezoni mwa jiji, kwa lengo la kujenga nyumba zipatazo 300. Wanachama walifyatua matofali wenyewe, wakajenga, wakachimba kisima, wakaweka mfumo wa kusafisha majitaka kwa mabwawa yenye mimea. Ni kazi ya kujivunia, na imekuwa darasa kwa wengi.

Lakini Kurasini inafundisha pia kwa upande mwingine. Watafiti Michael Hooper na Leonard Ortolano, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2012, waliuliza ni nani alijitokeza katika harakati zile na ni nani alibaki nyuma. Waligundua kwamba wenye nyumba ndio waliojitosa zaidi katika shughuli zilizokula muda na zenye hatari, kwa sababu walitarajia zingewaletea kitu. Wapangaji, ambao ndio waliosemekana kuwa walengwa, hawakuona kilichomo kwa ajili yao. Msomaji anayepanga kuhamasisha jamii na akae na ugunduzi huo kwa muda. Tumezoea kulaumu mioyo ya watu: hawana umoja, hawana mwamko. Mpangaji wa Kurasini alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa. Aliyemwomba saa zake hakuwa amemwonyesha, kwa maneno anayoyaamini na karatasi anayoweza kuishika, kwamba mwisho wa njia kuna mlango utakaokuwa wake. Chamazi yenyewe ilikuwa mbali na walikozoea kuchuma riziki, na kila zamu ya ujenzi ilikuwa na nauli ya daladala kwenda na kurudi. Nauli ya anayejitolea ni gharama ya mradi. Iwekwe kwenye bajeti pamoja na nondo.

Mukuru, Nairobi, ilileta swali la ukubwa ambalo Uruguay ilikuwa imelikwepa kwa kuweka mpaka wa watu 200. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Humo kulikuwa na kaya zaidi ya 100,000. Mkutano wa hadhara uwanjani ungewaleta wenye sauti kubwa na wenye muda, basi. Muungano wa Wanavijiji ukarudi kwenye kipimo kidogo: kaya kumi kumi, kwa jina la Tujuane Tujengane, kisha makundi hayo yakaunganishwa ngazi kwa ngazi hadi kijiji na eneo zima. Mjumbe wa kaya kumi hafanyi kazi ya kutisha. Anapeleka habari, anarudisha maoni, anajua nani mgonjwa na nani kahama. Anaweza kuimudu bila kufunga biashara yake, na akishindwa, nyumba tisa zinaona siku hiyohiyo. Kwangu huo ndio ufundi mkubwa wa kuwasimamia wanaojitolea: kuikata kazi vipande vidogo kiasi kwamba mtu mwenye shughuli nyingi asione sababu ya kukataa. Mashirika zaidi ya 40 yalishiriki katika mipango ile, yakiwa na maprofesa na wanasheria, na yote yaliutegemea ule mguu wa mwisho unaotembea kati ya mlango na mlango.

Tanzania ina kumbukumbu ya nyumba kumi tangu enzi za TANU, na kumbukumbu hiyo ina sura mbili. Balozi aliyekuwa msuluhishi wa majirani alikuwa pia jicho la chama. Anayetumia kaya kumi leo aseme waziwazi habari anazokusanya zinakwenda wapi, la sivyo watu watamfungulia mlango na kufunga midomo.

Je, walipwe? Swali hili huzusha ubishi katika kila warsha, na aghalabu wanaotetea kazi ya bure ni wale waliolipwa posho ya kuhudhuria. Miaka ya 1990, Hanna Nassif katika Kinondoni ilikuwa ikifurika kila masika. Wakazi waliunda chama chao, kikaingia mikataba ya kuchimba na kujenga mifereji na barabara kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, na wakazi waliofanya kazi hiyo walilipwa. Naona walifanya sawa, na kutokana na mfano huo najiwekea mpaka ulio wazi. Kile ambacho manispaa inapaswa kukifanya kwa sheria, na ambacho wakazi wa mitaa ya matajiri hufanyiwa bila kushika sururu, kilipwe. Mfereji wa maji ya mvua ya jiji zima ni wa jiji. Nyumba itakayokuwa mali ya mwanachama na wanawe, hiyo aitolee jasho, kwa kuwa anajilipa mwenyewe. Katikati kuna kazi za kila wiki zisizoisha, mfano kukusanya akiba mlango kwa mlango au kutunza takwimu za mtaa. Kazi ikishakuwa ya kudumu na yenye ratiba, ni ajira, hata tukiipamba vipi. Kenya iliwatumia wahudumu wa afya ya jamii kwa miaka mingi bila malipo ya uhakika, hadi Septemba 2023 ilipozindua wahamasishaji wapatao 100,000 na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kiasi ni kidogo. Ila taifa lilikiri kwamba deni lipo, na sekta ya makazi bado haijakiri.

Kuhusu wanaojitolea kutoka nje nitasema kwa ufupi. Habitat for Humanity, iliyoanzishwa mwaka 1976 huko Georgia, Marekani, ilikuja baada ya Millard na Linda Fuller kukaa Mbandaka, Zaire ya wakati huo, wakijenga nyumba na wenyeji tangu 1973. Wazo lao la kwamba mwenye nyumba naye achangie saa zake ni zuri, na wafadhili wengi wamelipata kwa kushika nyundo wenyewe. Hata hivyo, kijana aliyeruka bara zima kuja kupanga matofali kwa wiki moja hawezi kuwa sababu ya fundi wa mtaa kukaa kijiweni wiki hiyo. Mhandisi anayejitolea kukagua nondo za ghorofa ya tatu, au mwanasheria anayesoma mkataba wa ardhi kabla haujatiwa saini, huyo analeta kisichopatikana mtaani.

Kipindi kigumu zaidi huja baada ya funguo. Mwaka 2016 familia za Kibera zilipewa nyumba 822 za Soweto Mashariki. Mei 2025, Mukuru, nyumba 1,080 za kwanza za mradi wa serikali zilikabidhiwa. Mradi huo wa kitaifa unasimama juu ya sheria ya 2024, inayomkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara na kumtaka mwajiri atoe kiasi hichohicho. Majengo haya yamejengwa na wakandarasi. Wakazi wanafika na funguo mkononi bila kuwahi kukoroga zege pamoja, na siku ya kwanza pampu ikigoma, kila mtu anasubiri serikali. Sheria ipo: ile ya Kenya ya 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, na ya Tanzania ya 2008, zinawapa wamiliki chombo chao cha kusimamia ngazi, paa, maji na taka. Chombo bila watu ni muhuri tu.

Hapa yale ya Kambi Moto yanahitajika kuliko wakati wa ujenzi. Kila ngazi na mjumbe wake. Muda wa uongozi uwe mfupi na uwe na mwisho unaojulikana, kwa sababu wengi hukataa nafasi wakihofia kwamba hawatatoka. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi, mahali ambapo hata mtoto anayetoka dukani atapita. Fedha zisiingie kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Pampu na usafi viwe na mlinzi na mfagizi wanaolipwa, na wanaojitolea waachiwe kile ambacho mshahara hauwezi kununua: kusuluhisha, kukagua, kumkaribisha mgeni, kumtetea mjane anayetishiwa kwa sababu ya malimbikizo ya miezi miwili. Jengo lenye watu wa namna hiyo lina nguvu hata mbele ya dola. Februari 1984, chini ya utawala wa kijeshi, wanaushirika wa Uruguay walikusanya kwa siku moja sahihi zaidi ya 300,000 kupinga amri ya kuugeuza ushirika wao kuwa umiliki wa mtu mmoja mmoja. Waliotembea mlango kwa mlango siku ile walikuwa na mazoea ya zamu tangu wakati wa kubeba matofali.

Wewe unayesimamia mradi wa nyumba, uwe afisa wa kaunti, wa manispaa au wa shirika, kabla hujaitisha mkutano wa kuwaomba wakazi wajitolee, fungua daftari la saa. Andika ndani yake bei ya siku ya kazi mtaani hapo na nauli ya kufika kwenye eneo la ujenzi. Andika kila familia itapata nini, na lini. Kisha lipeleke daftari hilo mkutanoni, ulisome kwa sauti, na uwape wakazi kalamu wasahihishe.